Vipepeo wa Meru na Embu: Namna ya kuwatambua bila kuhadaiwa na rangi

MSAFIRI anayeondoka Ishiara asubuhi, katika nyanda kame za Mbeere, na kupanda hadi Msitu wa Irangi ulio kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hupita katika hali ya hewa tatu au nne tofauti kabla ya jua kutua. Huanza penye migunga na mawe ya moto, akapita miembe na mashamba ya pojo, au ndengu kama wengi wanavyoziita, akaingia kwenye mibuni, kisha majani chai, na mwishowe akafika chini ya miti mikubwa ambako miale ya jua huifikia ardhi kwa shida. Kila daraja la safari hiyo lina vipepeo wake. Ni mahali pachache nchini ambapo mtu anaweza kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa nauli ya matatu.

Torben Larsen, mtaalamu wa Denmark aliyechapisha mwaka 1991 kitabu kikubwa kuhusu vipepeo wa Kenya, aliorodhesha spishi zipatazo 870. Idadi hiyo inapita mara kumi ya spishi zinazozaliana Uingereza. Hata hivyo, lugha yetu imewatosheleza wote kwa neno moja, kipepeo, nasi tumeridhika nalo. Mkulima wa Runyenjes anaweza kukutajia majina ya aina kumi za maharagwe, lakini akiulizwa kuhusu kipepeo aliyetua kwenye maharagwe hayo atajibu kuwa ni kipepeo tu. Ndiyo sababu makala haya yanalazimika kutumia majina ya Kilatini. Msomaji asiyaogope, yatazoeleka kama yalivyozoeleka majina ya dawa.

Vifaa havihitaji gharama. Daftari, kalamu na simu yenye kamera vyatosha, na mwenye darubini ndogo atakuwa amebarikiwa. Wavu si lazima, na ndani ya mbuga na misitu ya serikali hauruhusiwi kutumiwa kukusanya wadudu bila kibali. Saa nzuri ni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, jua linapowaka, kwani kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha na hutegemea jua ili aweze kuruka. Majira bora ni majuma machache baada ya mvua kuanza, iwe ni zile za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba, majani mapya yanapokuwa yamelisha kizazi kimoja cha viwavi.

Anza na miguu

Kosa la kwanza la mgeni wa kazi hii ni kukimbilia rangi. Rangi ndiyo inayovutia, lakini ndiyo pia inayodanganya, kama tutakavyoona. Ni afadhali kuanza na maswali matatu rahisi.

Je, huyu ni kipepeo au nondo? Vipapasio vya kipepeo huishia kwa kifundo kama rungu, ilhali vya nondo huwa kama uzi au kama unyoya. Kutegemea saa ya kuruka hakusaidii sana, kwa sababu wapo nondo wengi wa mchana wenye rangi za kupendeza.

Pili, anasimama kwa miguu mingapi? Wadudu wote wana miguu sita, lakini katika ukoo mkubwa kuliko koo zote za vipepeo, Nymphalidae, miguu miwili ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani, hivyo kipepeo huonekana kama mnyama wa miguu minne. Vipepeo weupe na wa manjano wa ukoo wa Pieridae husimama kwa miguu sita, na vivyo hivyo wale wakubwa wa Papilionidae, ambao baadhi yao wana mikia kwenye mabawa ya nyuma. Mtu aliyeona miguu minne amekwisha kuondoa koo hizo mbili katika hesabu yake bila hata kutazama bawa.

Tatu, anarukaje? Aliye na sumu mwilini hana haraka. Huelea polepole akijionyesha. Asiye na kinga hurukaruka kwa mkato na kutoweka. Wale wadogo wa samawati wa Lycaenidae hukaa chini chini kwenye majani, nao wa Hesperiidae, wenye mwili mnene na vipapasio vilivyopinda ncha, huruka kwa kasi kiasi kwamba jicho hupoteza njia.

Nyika za Mbeere na Mbuga ya Meru

Katika nyanda za chini, kuanzia Kiritiri na Siakago hadi Hifadhi ya Mwea kando ya mabwawa ya mto Tana, na vilevile katika Mbuga ya Meru, wanaotawala ni weupe. Belenois aurota, mweupe mwenye mishipa iliyochorwa kahawia iliyokoza, huweza kutokea kwa maelfu baada ya mvua, wote wakielekea upande mmoja kana kwamba wameitwa. Viwavi wake hula vichaka vya nyika kama Boscia na Maerua. Vichaka vikiliwa vikaisha majani, kizazi kipya huhama. Ukiwaona wakivuka barabara, tazama dira au jua na uandike wanakoelekea, maana maelezo kama hayo ndiyo yanayowasaidia wachunguzi kuelewa uhamaji huo.

Pamoja nao huwapo Catopsilia florella, mkubwa kidogo, dume wake akiwa mweupe wenye chembe ya kijani, na jike mara nyingi wa manjano. Huyu hufuata mimea ya jamii ya Senna. Wapo pia wa jenasi ya Colotis, wadogo, weupe, wenye ncha za mabawa za rangi ya chungwa, nyekundu au zambarau kana kwamba wamechovywa kwenye rangi. Hapa mgeni asijidai. Colotis wa kiangazi huwa na weusi mdogo kuliko wa masika ingawa ni spishi ile ile, na jike hafanani kabisa na dume. Andika jenasi, piga picha, endelea na safari.

Mahali pa kuwatafuta kwa urahisi ni penye matope. Kando ya mito kama Ena na Thuci, ng'ombe wanaponywa maji na kukojoa, madume hukusanyika makumi kwa makumi wakifyonza chumvi, kwa kuwa majani waliyokula walipokuwa viwavi yana chumvi kidogo mno. Wakiwa katika shughuli hiyo hawashtuki upesi, na mtu anaweza kupiga magoti na kuwatazama kwa karibu. Katika Mbuga ya Meru mgeni akumbuke kuwa haruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Nyati hajali kama ulikuwa ukitazama kipepeo.

Ni katika nyika hizi pia ambapo udanganyifu wa kwanza hutokea. Danaus chrysippus ni kipepeo wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye ncha nyeusi zilizopitiwa na mkanda mweupe. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo huingia mwilini mwa kipepeo, kwa hiyo ndege aliyewahi kumwonja hamrudii. Kumbe yuko mwingine, jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo, ambaye amevaa vazi lile lile. Si hayo tu. Katika sehemu kavu za mashariki mwa Kenya, Danaus wengi hawana ncha nyeusi kabisa, nao misippus wana umbo la pili lisilo na ncha nyeusi, la kulinganishwa na hilo!

Njia ya kuwatenganisha ni kutazama bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi manne katikati ya bawa hilo akiwa dume, na matatu akiwa jike. Mwigaji ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Isitoshe, ukimshtua Danaus huondoka kwa madaha yale yale, ilhali mwigaji husahau uigizaji wake na kukimbia. Dume wa misippus hahitaji darubini: ni mweusi, mwenye mabaka meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau, na mtu asiyejua hawezi kuamini kuwa huyo na yule wa chungwa ni mume na mke.

Danaus huyo ana jambo jingine la ajabu. Karibu na Nairobi watafiti wamebaini kuwa majike wengi wana bakteria wa aina ya Spiroplasma ambao huua watoto wa kiume wakiwa bado wachanga kabisa, na hivyo uzao wao kuwa wa kike mtupu.

Shambani

Mtu hahitaji kufika msituni ili aone kipepeo mkubwa. Mwenye mti mmoja wa mlimau au mchungwa nyuma ya nyumba, iwe ni Manyatta au Nkubu, ana Papilio demodocus, mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu, asiye na mikia. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, weusi na weupe, naye ndege hupita bila kumshughulikia. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Huyu hula majani, na kwenye mche mdogo anaweza kuleta hasara. Lakini mti mkubwa humvumilia. Kumwondoa kwa mkono kunatosha. Inasikitisha kuona mkulima akinyunyiza dawa juu ya mchungwa mzima, na nyuki wakiwa kwenye maua, kwa ajili ya viwavi sita.

Kuna wengine wawili ambao mkulima anapaswa kuwajua kwa sababu za tumbo. Acraea acerata, mdogo, wa rangi ya chungwa yenye kingo nyeusi, hutaga mayai kwenye majani ya viazi vitamu, na viwavi wake wenye miiba huishi kwa pamoja wakiwa wachanga ndani ya utando. Lampides boeticus, wa samawati, mwenye uzi mwembamba kama mkia na madoa mawili meusi karibu nao, hutaga kwenye maua ya kunde na jamii nyingine za mikunde, na kiwavi hutoboa ganda na kula mbegu ndani. Anayewajua kwa sura wakiwa bado wanaruka hupata onyo la siku kadhaa.

Miongoni mwa vipepeo wote wa nyanda za kahawa na chai, ningemshauri mgeni amtafute kwanza Precis octavia. Msimu wa joto na mvua huwa na rangi nyekundu inayoelekea chungwa, yenye madoa meusi. Kati ya Juni na Agosti, kipindi cha baridi na ukungu pande hizi, spishi hiyo hiyo hutoka ikiwa ya samawati iliyokoza, yenye mstari wa madoa mekundu. Tabia nazo hubadilika: mwekundu hupenda jua la wazi, ilhali wa samawati hujificha penye kivuli, chini ya kingo za barabara na kwenye mapango madogo ya mawe. Si ajabu kwamba mtu anayewaona kwa mara ya kwanza huwaandika kama spishi mbili. Majaribio yameonyesha kuwa joto ndilo huamua: kiwavi aliyekulia kwenye baridi hutoa kipepeo wa samawati, na ndugu yake wa tumbo moja aliyekulia kwenye joto hutoka mwekundu. Kiwavi huyo hula mimea ya jamii ya maigoya, ule mmea wa majani laini unaopandwa kama ua wa boma na ambao majani yake hutumika kuivishia ndizi. Boma nyingi sasa zimezungushiwa waya badala yake.

Msituni

Irangi, Imenti ya Juu iliyopakana na mji wa Meru, vilima vya Nyambene na Msitu wa Ngaia huko Igembe ni nyumba ya vipepeo ambao hawataonekana shambani hata mtu akikaa mwaka mzima. Ndovu na nyati wamo katika baadhi ya misitu hii, kwa hiyo ni busara kuripoti kwanza kwenye kituo cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), kulipa ada na kuomba askari wa kuandamana naye.

Ndani ya msitu kipepeo hayuko kila mahali. Yuko pale ambapo mti umeanguka na jua limepenya, na kando ya vijia. Vipepeo wa jenasi ya Charaxes, wenye miili minene na, kwa wengi wao, mikia miwili kwa kila bawa la nyuma, hawajali maua. Chakula chao ni matunda yaliyooza, utomvu wa miti na mavi ya wanyama. Ukiponda ndizi mbivu, ukazifunika kwa siku mbili hadi zichache, kisha ukaziweka kwenye kisahani juu ya gogo penye jua, watakuja wenyewe. Wachunguzi hutundika kisahani hicho chini ya mfuko wa chandarua uliofunikwa juu. Kipepeo akishiba huruka kuelekea juu, akabaki humo hadi atakapotazamwa na kuachiliwa. Wa kuanza naye ni Charaxes candiope, wa rangi ya dhahabu na kahawia, kwa kuwa mishipa ya bawa lake la mbele ni ya kijani karibu na mwili. Viwavi wake, wenye vichwa vya pembe kama joka la hadithi, hula miti ya jamii ya Croton, mathalani mukinduri. Wale Charaxes weusi wadogo ni mtihani mwingine. Hata wataalamu hulazimika kuwachunguza chini ya hadubini, na hakuna aibu kuandika daftarini "Charaxes mweusi" na kuishia hapo.

Lakini mwenye msitu ni Papilio dardanus. Dume hakosewi: manjano hafifu, kingo nyeusi, mikia mirefu. Jike ndiye aliyewasumbua wataalamu wa karne ya 19. Mmoja huwa mweusi mwenye mabaka meupe, akiiga vipepeo wenye sumu wa jenasi ya Amauris. Mwingine ana madoa ya manjano, akiiga Amauris wa namna nyingine. Wa tatu ana rangi ya chungwa, akimwiga Danaus tuliyemtaja. Kila mmoja alihesabiwa kuwa spishi yake hadi Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, alipotoa hoja mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume yule yule wa manjano. Wapo waliomdhihaki, lakini baadaye mayai ya jike mmoja yalipofugwa yalitoa majike wa sura mbalimbali.

Kwa nyanda zetu za juu kuna nyongeza. Mwaka 1936 Mwingereza E. B. Ford alionyesha kuwa karibu na Nairobi, ambako vipepeo wenye sumu wa kuigwa ni haba, majike wengi wa dardanus ni waigaji wabovu, wenye sura za kati na kati, kuliko wale wa Entebbe ambako wanaoigwa ni wengi. Ndege asiyemjua mwenye sumu hana sababu ya kumwogopa mwigaji, na hivyo makosa ya uigaji hayaadhibiwi. Kwa sababu hiyo mtu akimwona Irangi kipepeo mkubwa ambaye hafanani sawasawa na picha yoyote kitabuni, asidhani kuwa amegundua spishi mpya. Aghalabu ni jike wa dardanus. Atazame anapotaga: akitua mara kwa mara kwenye vichaka vya porini vya jamaa ya mchungwa, swali limejibiwa.

Mmea, basi, ndio shahidi asiyebadili vazi. Na hapo ndipo penye wasiwasi. Papilio nobilis, wa dhahabu, mmoja wa vipepeo wazuri kupita wote wa misitu ya nyanda za juu za Kenya, hulelewa kwenye mti wa muthiga. Gome la muthiga ni dawa mashuhuri, na miti mingi imechunwa hadi ikakauka. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kutoka angani na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ulionyesha jinsi misitu ya Mlima Kenya na Imenti ilivyokuwa imekatwa kwa ajili ya mbao, makaa na mashamba, Imenti ya Chini ikiwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya. Mwaka uliofuata usimamizi wa misitu ya mlima ukakabidhiwa KWS. Miti imepandwa upya tangu hapo, lakini kwa kipepeo swali si idadi ya miti bali ni miti gani. Mkaratusi na msaipresi haviwezi kumlea nobilis hata vikisimama ekari elfu.

Wanaoishi kando ya msitu wana haki ya kuuliza kipepeo atawaletea nini. Huko Gede, pwani, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 ambapo wakazi wa kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho ng'ambo. Mapato hayo yalibadili mtazamo wa wengi waliokuwa wakitaka msitu ukatwe. Msitu wa mlimani una baridi zaidi na vizazi vya vipepeo huchelewa, kwa hiyo haifai kunakili mradi huo bila kupima. Lakini kupima hakuwezekani iwapo hakuna anayejua ni vipepeo gani waliomo.

Namna ya kuandika

Kumbukumbu yenye manufaa ina tarehe, mahali, kimo ikiwa simu inaweza kukionyesha, hali ya jua, na mmea aliotua au kutaga. Piga picha mbili, ya upande wa juu wa bawa na ya upande wa chini, kwa sababu spishi nyingi hutofautishwa kwa upande wa chini pekee. Ukipata moja tu, iwe ya chini. Picha hizo zinaweza kulinganishwa na kitabu cha mfukoni cha Dino Martins na Steve Collins kuhusu vipepeo wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2016, au kupelekwa kwenye programu ya iNaturalist, ambako watu wenye ujuzi hupendekeza jina. Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi nayo yana hazina kubwa ya vipepeo waliokaushwa. Mwenye swali gumu aende huko na picha yake, na asisahau kutaja jina la mmea, hata kama analijua kwa Kimeru au Kiembu peke yake.